Usikubali Kila Karata: Ushauri kwa Wanaolinda Minara kwenye Simu

Swali huja lile lile, mwulizaji awe Gitega au Muyinga: "Kaka, fungu langu lina karata kali tupu, minara imejaa barabara nzima, lakini wimbi la mwisho linanipita kama hakuna mtu. Nakosea wapi?" Wengine hutuma na picha ya skrini, na mara nyingi jibu limo humo humo: fungu la karata 35, la mtu aliyeanza safari na 10.

Nawajibu wote kwa pamoja. Nazungumzia ile michezo ambamo maadui huja kwa mawimbi nawe unawazuia kwa minara, ila hujengi mnara upendao. Unajenga ule ambao karata yake imekufikia mkononi. Ukishinda wimbi unaonyeshwa karata kadhaa, kwa kawaida tatu, uchague moja. Ukifa, safari imeisha: unarudi mwanzo na ramani inapangwa upya. Hiyo tabia ya kufa na kuanza upya imerithiwa kutoka Rogue, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1980. Kujenga fungu huku unacheza kulienezwa na Dominion, mchezo wa karata za mezani uliotoka mwaka 2008. Historia inatosha hapo.

Kwanza simu, bando na umeme

Kuna wanaoshindwa kabla hawajajenga hata mnara mmoja.

- Pakua penye mtandao mzuri, ucheze nyumbani. Slay the Spire (ya karata bila minara) na Kingdom Rush (ya minara bila karata) zikishaingia kwenye simu zinachezeka bila intaneti. Mchezo mwingine wowote ujaribu hivi: zima data, ufungue. Ukigoma kufunguka, ufute. Utakumalizia bando na utakukatikia katikati ya wimbi.
- Mchezo ukiwa wa kulipia, tazama kwanza duka la simu yako linapokea malipo ya aina gani. Salio la fedha za simu, kama Lumicash, peke yake halikufikishi popote pale panapodaiwa kadi ya benki. Mnaonunua kwa kompyuta kupitia Steam mna nafuu: mnaweza kudai fedha zenu ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hamjacheza zaidi ya saa 2.
- Usipokee nakala ya kurushiwa. Faili lililopita kwenye simu za watu kumi linaweza kuwa limebeba programu ya kuiba nywila, na simu unayochezea huenda ndiyo hiyo yenye akiba ya mama.
- Badilisha lugha. Slay the Spire ina Kifaransa, na wengi wenu mmekisoma shuleni. Mtu anayebahatisha maana ya karata kwa kuangalia picha yake hajaanza kucheza bado.

Umeme nao una mambo yake. Slay the Spire huhifadhi mwanzo wa kila pambano: kompyuta ikizimika katikati, unarudia pambano lile tu, safari inabaki. Michezo mingine haina huruma hiyo. Jaribu mapema kwenye safari usiyoijali: funga mchezo ghafla wimbi likiendelea, fungua tena, uone umerudishwa wapi. Fanya hivyo leo, usingoje umeme ukufundishe usiku ule unaokaribia kushinda.

Soma barabara kabla ya kusoma karata

Wengi wakigawiwa karata tano, macho yanaganda kwenye hizo tano. Geuza mpangilio.

1. Fuata barabara kwa kidole, kutoka adui anapoingia mpaka lango unalolinda. Tafuta kona. Mnara uliokaa ndani ya kona humpiga adui akija na akizunguka. Uliokaa kando ya barabara iliyonyooka humpata kwa muda mfupi tu, kisha ameshapita.
2. Bonyeza alama ya wimbi linalofuata. Michezo mingi hukuonyesha wazi, na bado watu hawabonyezi. Kuna wanaoruka? Wenye ngao? Ni kundi la wadogo, au ni jitu moja lenye uhai mwingi?
3. Tazama karata zilizobaki kwenye fungu na zile ulizokwisha kutupa. Kama mnara wa kupiga warukao umeshatupwa, hautarudi mpaka karata zichangwe upya. Jipange bila huo.
4. Sasa ndiyo uangalie mkono wako.

Wazee wanaocheza urubugu hawagusi kete kabla ya kuhesabu mwendo utaishia shimo gani. Mashimo ni 32, kete 64, na wanahesabu haraka kuliko unavyobonyeza. Wewe simu inakuhesabia karibu kila kitu. Kazi yako ni kusoma tu.

Fungu jembamba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapofia.

Usiniamini kwa maneno. Chukua karata za kawaida, zile za 52, ufanye jaribio mezani. Toa 10, mojawapo ikiwa mfalme wa kopa. Huyo ndiye mnara wako mkubwa. Changa. Vuta tano, zitazame, ziweke kando, vuta tano nyingine. Mfalme lazima aonekane ndani ya zamu mbili, na nusu ya nyakati atakuja kwenye zamu ya kwanza.

Sasa ongeza karata 15 zozote zifike 25, uchange upya, uvute tano tano. Nafasi ya kumwona mfalme zamu ya kwanza imeshuka kutoka nusu hadi moja ya tano. Ikiwa wimbi linakwisha kwa zamu nne, utakuwa umevuta karata 20 kati ya 25; maana yake mara moja katika kila tano, mnara wako mkubwa hautaonekana kabisa mpaka adui apite. Haukuwa dhaifu. Ulikuwa umelala chini ya fungu.

"Lakini hizo 15 nilizoongeza nazo ni nzuri!" Najua utasema hivyo. Nzuri kwa kazi gani? Karata ya moto ni nzuri, ya barafu ni nzuri, ya sumu ni nzuri. Ukiwa na moja moja ya kila aina, unavuta mkono wa vitu vitano visivyosaidiana. Sumu inataka adui acheleweshwe ili imle polepole. Mzinga wa moto unataka maadui wasongamane. Chagua jambo moja ambalo fungu lako linalifanya, halafu kila karata mpya iulizwe:

- Inamaliza tatizo la wimbi ninaloliona mbele, au inanifurahisha tu?
- Inasaidiana na angalau karata mbili nilizo nazo sasa? Zile unazotumaini kuzipata baadaye usizihesabu.
- Nikiivuta pamoja na nne za kawaida, nitaweza kuilipia? Katika Slay the Spire na Monster Train unapewa nguvu 3 kwa zamu. Karata mbili za gharama ya 3 haziwezi kuchezwa pamoja, hata ziwe na picha nzuri namna gani.

Ikikosa majibu mawili kati ya hayo matatu, iruke. Michezo mingi ina kitufe cha kuruka, kidogo, pembeni, kana kwamba hawataki ukione.

Kuondoa karata kuna thamani kuliko kuongeza, na hapo ndipo vijana wananikatalia kabisa. Katika Slay the Spire, ukianza na yule askari wa kwanza, una karata 10: tano za kupiga, nne za kujikinga na moja ya pekee. Zile tano za kupiga ni dhaifu, na zitabaki zinakuziba njia mpaka mwisho. Mwenye duka hukuondolea moja kwa dhahabu 75, na bei hupanda kwa 25 kila unaporudia. Mtu anaona 75 ni nyingi kwa kutopewa kitu. Kumbe umenunua nafasi ya kuvuta karata bora kila zamu, mpaka safari iishe.

Onyo, maana wapo watakaosoma hadi hapa wakaanza kukataa kila kitu: mwanzoni mwa safari, pokea. Fungu la kuanzia limetengenezwa dhaifu makusudi. Katika mapambano matatu manne ya kwanza unahitaji karata za kuumiza, hata zisizopendeza, la sivyo hutafika mbali kiasi cha kuwa na la kuchagua. Ukali wa kukataa uanze pale fungu linapopata mwelekeo.

Minara michache, kazi tofauti

Ukitaka kujifunza minara bila kuchanganyikiwa na karata, cheza Kingdom Rush kwanza. Ilitoka mwaka 2011, na waliotengeneza, Ironhide, ni watu wa Uruguay, nchi ambayo watu wake hawafiki theluthi ya Warundi. (Nalisema hilo kwa wale wanaoniuliza kama michezo hutengenezwa Marekani na Japani tu.) Ina aina nne za minara: wapiga mishale, kambi ya askari, wachawi na mizinga. Ukizielewa hizo nne umeelewa karibu kila mchezo wa aina hii:

- Askari hawaui sana. Kazi yao ni kumshika adui mahali. Waweke pale minara mingine inapofika, karibu na kona.
- Mizinga hupiga kundi, lakini mzinga wa kawaida haugusi anayeruka.
- Uchawi hupenya deraya ambazo mshale unagonga bila faida.
- Mishale hupiga wa ardhini na wa angani, ila kwa mwenye deraya nzito inachoka.

Kosa linalojirudia ni kujenga minara kumi ya daraja la kwanza na kuitawanya barabara nzima. Adui anapita mbele ya kila mmoja, anakwaruzwa, anaendelea. Chagua sehemu moja ya barabara, ndefu kiasi cha kumchelewesha, uifanye machinjio: mmoja wa kuzuia, mmoja wa kupiga kundi, mmoja wa kupiga mtu mmoja kwa nguvu. Ukipata sarafu nyingine, kuza hiyo mitatu kabla ya kufikiria wa nne.

Monster Train, ya mwaka 2020, inaonyesha jambo hili vizuri, ingawa uwanja wake ni treni yenye ghorofa. Maadui huingia ghorofa ya chini na kupanda kuelekea moto ulio juu, ambao ndio unaoulinda. Anayeanza huweka kiumbe mmoja kila ghorofa, "nisiache pengo". Akifanya hivyo amejigawa sehemu tatu dhidi ya adui aliye mzima. Jaza ghorofa moja, iwe na nguvu ya kweli, nyingine uziongeze kadiri nafasi inavyoruhusu.

Rogue Tower, ya mwaka 2022 kwenye kompyuta, ina mtego wake. Barabara inaendelea kurefuka, na wewe ndiye unayechagua upande wa kuiongezea. Barabara ikigawanyika, maadui watakuja kwa njia mbili, na minara yako mizuri iko kwenye moja. Kabla ya kuongeza kipande, jiulize kama bado kitawapitisha maadui mbele ya machinjio yako. Adui wa mchezo huo anaweza pia kuwa na ngao, deraya na uhai, na minara haina nguvu sawa kwa vyote vitatu. Fungu lenye aina moja ya mnara litafika mahali ligonge mwamba.

Sarafu: panda mapema, acha mapema

Fupi tu. Aliyecheza Plants vs. Zombies (2009) anajua alizeti: inagharimu 50 za jua, haipigi mtu, lakini inalipia kila kitu kinachofuata. Karata za kuzalisha sarafu ni hivyo hivyo. Zipande mawimbi ya mwanzo, wakati adui ni mnyonge. Ukishafika katikati ya safari, karata ya sarafu ni karata isiyopiga. Acha kuzipokea, na zikikuzidi, ziondoe.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kutunza silaha ya dharura hadi unakufa nayo. Dawa, bomu, kifaa cha mara moja: itumie wimbi linapokuumiza. Usingoje "wimbi la kweli".
- Kupumzika kila penye moto wa kupumzikia. Katika Slay the Spire kupumzika hurudisha asilimia 30 ya uhai. Chaguo la pili ni kuboresha karata moja mpaka safari iishe. Ukiwa na uhai wa kutosha kuvuka pambano lijalo, boresha.
- Kukwepa maadui wagumu wa hiari safari nzima. Hao ndio wanaotoa hirizi, yaani vifaa vinavyokusaidia safari yote. Ukimfikia bosi bila hirizi, umefika salama ukiwa mtupu.
- Kuongeza kasi ya mchezo mara mbili tangu wimbi la kwanza, halafu kulalamika kwamba hukuona lililotokea.
- Kunakili fungu la mtu uliyemwona kwenye video. Yeye alipewa karata zile, wewe hukupewa. Mwige namna anavyokataa.

Mnavyonipinga

*"Ni bahati tu."* Bahati ipo kwenye wimbi moja. Kwenye safari nyingi inachujwa. Slay the Spire ina ngazi 20 za ugumu zinazopandishwa moja baada ya nyingine, na wapo wanaoshinda safari nyingi mfululizo kwenye ngazi ya 20, wakigawiwa karata kwa bahati ile ile inayokugawia wewe.

*"Nyumbani wanasema karata ni kamari."* Swali hili hunijia zaidi kutoka Muyinga, kwa vijana wa familia za Kiislamu, na sitalicheka. Mwonyeshe mzazi skrini. Hakuna dau, hakuna anayepoteza faranga, karata ni namna ya kupanga minara. Akibaki na shaka, aulizwe shehe mnayemwamini, siyo mimi. Lakini kuna michezo ya bure inayouza makasha ya bahati kwa fedha halisi: unalipa bila kujua utapata nini. Hiyo kaeni nayo mbali, na hapo mzazi yuko sahihi kuhofu. Na siku mtakapoanza kuwekeana hata faranga 100 nani atafika wimbi la mbali, jibu langu linabadilika.

*"Simu yangu ni dhaifu."* Michezo ya zamu haidai haraka. Washa mwendo wa haraka wa picha kwenye mipangilio, punguza mwanga, funga programu nyingine. Simu ikiendelea kupata moto, iache ipoe. Betri ni ghali kuliko mchezo.

*"Inakula muda wa masomo."* Kweli inakula. Safari moja kamili inaweza kupita saa nzima, na uzuri wa michezo inayohifadhi ni kwamba unaweza kusimama popote. Simama baada ya wimbi uliloshinda, kwa sababu ukisimama baada ya kushindwa, mkono utairudia simu kabla daftari halijafunguliwa.

Mazoezi ya wiki ya kwanza

Msianze na mchezo wenye kila kitu. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: siku mbili tatu za Kingdom Rush kwa ajili ya minara, kisha Slay the Spire kwa ajili ya fungu, ukiicheza na mhusika yule yule mmoja mpaka ujue karata zake kwa kichwa. Baada ya hapo michezo inayochanganya yote miwili itakuwa imekwisha kukufungukia nusu.

Kila safari ikiisha, andika mistari mitatu kwenye daftari: wimbi lililokuua, karata iliyokaa mkononi bila kuchezwa, na karata uliyoipokea ukajuta. Usiandike "bahati mbaya". Safari tano zinatosha kuonyesha kosa lako ni lipi, na karibu kila mara ni moja linalojirudia.

Mkiwa wawili na simu moja, hakuna haja ya kugombania zamu. Mmoja ashike simu, mwingine asiguse, ila awe na haki ya kuuliza "kwa nini hiyo?" kabla karata haijapokewa. Asiyekuwa na jibu airuke karata hiyo. Baada ya mawimbi matano, badilishaneni.